Sura ya 4: Moto wa Kidonda

Kuvimba ni kazi ambayo mwili hujifanyia wenyewe pale unapojeruhiwa. Nyama ikichanika, ikiungua, ikipondwa au ikiingiwa na mwiba, huitikia kwa namna ile ile: mishipa midogo ya damu hupanuka, maji ya damu huvuja kuingia kwenye nyama, na chembe nyeupe hutoka mishipani kwenda mahali palipoharibika. Wataalamu huuita mwitikio huo inflamesheni, neno lililotoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha moto. Kiswahili husema kuvimba, na neno hilo limebebeshwa mengi: goti lililogongwa huvimba, jipu huvimba, na hata saratani huitwa uvimbe. Hapa linashika maana moja tu, ile ya nyama inayojaa, inayopata moto na kuuma kwa sababu imeumia.

Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kilomita zipatazo 90 kutoka Lubumbashi, mwitikio huo huonekana kila siku. Malori yanayobeba shaba na kobalti ya Katanga kwenda kwenye bandari za Dar es Salaam, Durban na kwingineko hupita hapo, na foleni ya kuvuka inaweza kula siku kadhaa. Wakati wa kungoja kazi haziishi: kukaza minyororo, kufunga turubai upya, kubadili tairi, kupanda na kushuka kwenye tela. Ni kazi za mikono, na mkono ndio unaolipa. Mfano mmoja unatosha kuifuata habari yote. Utingo anakaza waya wa turubai saa nane mchana. Uzi mmoja wa chuma uliokatika unamchoma kiganjani, unaingia nusu sentimita na kubakiza kipande ndani, pamoja na kutu, vumbi la maegesho na bakteria waliokuwa juu ya ngozi.

Damu hutoka kidogo na kuganda. Wakati huo huo, seli zilizopasuliwa na waya zinamwaga vilivyomo ndani yake. Kimojawapo ni ATP, kemikali ambayo kila seli huitumia kama nishati ya kufanyia kazi. Ndani ya seli, ATP ni jambo la kawaida kabisa. Nje ya seli ni habari ya ajali, kwa sababu seli nzima haimwagi nishati yake ovyo. Bakteria nao wana alama zao, yaani vipande vya kuta zao ambavyo mwili wa binadamu hautengenezi. Kwenye nyama ya kiganja, kama ilivyo karibu kila mahali mwilini, zimekaa seli zinazozitambua habari za aina hizi mbili. Kubwa kati ya hizo ni makrofaji, ambazo jina lake la Kigiriki lina maana ya walaji wakubwa, na seli za masti, zilizojaa punje za kemikali zilizo tayari kumwagwa.

Jinsi seli hizo zinavyowatambua bakteria ambao hazijapata kukutana nao lilikuwa fumbo hadi juzi juzi. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba nzi wa matunda asiye na kipokezi kiitwacho Toll hushindwa kujikinga na ukungu, akafa. Miaka 2 baadaye Bruce Beutler, huko Marekani, alionyesha kwamba panya wana kipokezi cha jamii hiyo hiyo kinachonusa sumu ya kuta za bakteria. Binadamu wanavyo pia, vya aina kumi. Hoffmann na Beutler walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Ugunduzi huo unastahili kukumbukwa, kwa kuwa unaeleza kwa nini mtoto mchanga na mzee, ambao maradhi waliyokwisha kuugua hayalingani hata kidogo, huvimba kwa namna moja wakichomwa na mwiba mmoja.

Seli za masti hutangulia. Katika sekunde chache humwaga histamini, nayo huilegeza misuli inayozunguka mishipa midogo inayoleta damu. Mishipa hupanuka, damu ikajaa kiganjani, na damu inayotoka ndani ya mwili ni ya moto kuliko ngozi ya mkono. Joto la kidonda halitengenezwi na kidonda: huletwa na damu kutoka kifuani na tumboni. Kisha histamini huzigusa seli zilizojipanga kama vigae ndani ya vishipa vinavyorudisha damu. Seli hizo hujikunyata, na katikati yake hufunguka nyufa nyembamba ambamo maji ya damu, yenye rangi ya manjano hafifu, huvuja kuingia kwenye nyama.

Maji hayo hayajapotea njia. Ndani yake mna kingamwili, mna protini zinazojigandisha juu ya bakteria na kuwatoboa, na mna fibrinojeni, protini inayogeuka nyuzi za fibrini na kutanda kama wavu uwazuie bakteria wasisambae. Uvimbe unaoonekana kwa nje ni mzigo huo uliokwisha kushushwa. Maji yanayozidi huondoka kwa mishipa ya limfu hadi kwenye tezi, ambako bakteria hukaguliwa na kingamwili mpya huanza kuandaliwa. Ndiyo maana aliyejikata mkononi anaweza kupata donge linalouma kwapani, na aliyekanyaga msumari akaota mtoki kwenye nyonga ilhali jeraha liko wayoni. Mtoki si ugonjwa wa pili uliozuka. Ni tezi inayoshughulikia yale yaliyoletwa kutoka mguuni.

Ishara za nje zilihesabiwa zamani. Celsus, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, alitaja nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, kiungo kushindwa kazi. Orodha hiyo imenakiliwa katika vitabu vya tiba kwa karibu miaka 2,000, na ishara yake ya kwanza imewapotosha wengi katika Afrika, kwa sababu Celsus aliandika kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi, damu ikijaa chini yake, wekundu mara nyingi hauonekani. Panaweza kuonekana weusi uliozidi wa pembeni, rangi ya zambarau au ya kijivu, ngozi iliyovutika na kung'aa, na pengine hakuna badiliko la rangi hata kidogo. Muuguzi aliyefundishwa kwa picha za vitabu vya Ulaya anaweza kulitazama paja lenye maambukizi makali akasema hakuna kitu.

Mkono hauna tatizo hilo. Upande wa nyuma wa vidole, ule ule ambao mama humwekea mtoto shingoni kupima homa, ukiwekwa penye jeraha kisha mahali pale pale kwenye kiungo cha upande wa pili, hutambua tofauti ya joto bila kujali rangi ya mtu. Ikiongezwa kubonyeza taratibu kwa kidole na kutazama kama pamebaki kishimo, ishara tatu kati ya tano zimekwisha kupatikana: joto, uvimbe na maumivu. Njia hii haigharimu kitu, na ilistahili kufundishwa kabla ya picha.

Maumivu yenyewe yana njia yake. Nyama iliyoumia hutengeneza prostaglandini na bradikinini. Bradikinini huichokoza neva moja kwa moja. Prostaglandini huiongezea wepesi wa kuchokozeka. Kwenye ncha za neva kuna kipokezi ambacho kwa kawaida hufunguka penye joto la nyuzi 43 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho mkono huanza kuona unaungua. Kipokezi hicho hicho hufunguliwa na ukali wa pilipili, na kwa kutumia kemikali ya pilipili David Julius alikipata mwaka 1997, kazi iliyomletea Nobel mwaka 2021. Katika nyama iliyovimba, kiwango cha kukifungua hushuka sana. Maji ya kuoga ambayo jana yalikuwa vuguvugu leo yanaunguza, na joto la mwili wenyewe linaweza kutosha kuamsha maumivu. Ndiyo sababu kidonda hupwita usiku hata kisipoguswa. Utingo mwenye kiganja cha namna hiyo hakunji vidole, hashiki kamba, na nyuzi za fibrini zilizotandwa ndani hazikatiki.

Saa moja au mbili baada ya ajali, chembe nyeupe zinaanza kufika. Za kwanza ni nyutrofili, ambazo kwa watu wazima wengi ni zaidi ya nusu ya chembe nyeupe zote za damu. Uboho wa mifupa hutoa nyutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku, na nyingi huishi kwa muda wa kuhesabika kwa saa. Karibu na jeraha, kuta za vishipa huota viambata vinavyonata. Nyutrofili inayopita kwa kasi hukwama kidogo, hubiringika ukutani, hushika imara, kisha hujipenyeza kati ya seli mbili kwa kujinyoosha kama unga uliokandwa, ikaibukia upande wa pili. Kutoka hapo hufuata harufu ya kemikali hadi kwenye waya.

Julius Cohnheim aliyaona hayo kwa macho mwaka 1867 nchini Ujerumani, alipotandaza viungo vyembamba vya chura chini ya hadubini na kuzitazama chembe nyeupe zikitoka katika mishipa isiyopasuka. Kabla yake wengi waliamini kwamba usaha huzaliwa pale pale kwenye nyama. Miaka 15 baadaye, Elie Metchnikoff, Mrusi aliyekuwa akiishi Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, vinavyopitisha mwanga kama kioo, akavichoma miiba iliyovunjwa bustanini. Asubuhi yake kila mwiba ulikuwa umezingirwa na seli zinazojaribu kuumeza. Kiti cha pweza hana damu wala mishipa ya damu. Metchnikoff akatambua kwamba seli zenyewe ndizo kiini cha jambo, na mishipa ni barabara tu katika wanyama walio nayo. Mwaka 1908 alipata Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Kabla ya wote hao, daktari wa upasuaji John Hunter wa London, katika kitabu kuhusu damu na majeraha ya risasi kilichotoka mwaka 1794 baada ya kifo chake, alikwisha kushikilia kwamba kuvimba si ugonjwa bali ni tendo la mwili lenye faida. Alilijua hilo bila kuwahi kuona hata nyutrofili moja ikitoka mshipani.

Nyutrofili ikimfikia bakteria humkumbatia, humfungia katika kifuko na kummwagia kemikali kali. Mojawapo ni ya jamii ile ile ya klorini inayotiwa katika maji ya kunywa pale kipindupindu kinapozuka Haut-Katanga, jimbo ambamo Kasumbalesa imo. Nyutrofili nyingine hupasuka na kurusha nyuzi za DNA zake nje, zikawa nyavu za kunasia, jambo lililogunduliwa mwaka 2004. Kazi hii haina usafi wowote. Kemikali zinazoua bakteria huyeyusha pia nyama nzima ya jirani, na nyutrofili zenyewe hufa kwa mamilioni. Mchanganyiko wa nyutrofili zilizokufa, bakteria na nyama iliyoyeyuka ndio usaha. Iwapo kipande cha waya bado kimo, usaha hujikusanya kukizunguka na kutafuta njia ya nje. Jipu linalopasuka lenyewe na kutoa mwiba ni kazi iliyokamilika. Lililofungiwa ndani halitibiki kwa vidonge peke yake. Hutumbuliwa na mganga kwa kisu safi.

Kidonda kidogo hakibaki siri ya kiganja. Makrofaji zilizochokozwa hutuma ujumbe kwa njia ya damu, na ini huanza kutengeneza protini za dharura, mojawapo ikiwa CRP, ambayo maabara huipima ili kujua kama mwili umevimba mahali fulani. Ujumbe ukifika kwenye ubongo, prostaglandini hupandisha kiwango cha joto ambacho mwili hujipangia. Mtu husikia baridi akatetemeka, ingawa anaungua: mwili unatafuta joto la kiwango kipya. Hamu ya chakula hupotea, usingizi huja mchana. Uchovu wa mgonjwa ni sehemu ya mpango huo huo. Hatari huja ujumbe unapozidi kipimo. Mishipa ikipanuka na kuvuja mwili mzima kwa pamoja, shinikizo la damu huanguka, figo na ubongo hukosa damu, na mtu anaweza kufa ndani ya siku chache kwa jambo ambalo likibaki kiganjani lingekuwa la kuponya. Joto linalopanda kutoka kiganjani kuelekea kwenye kiwiko, mstari unaouma kuelekea kwapani, homa na akili kuchanganyikiwa ni ishara za kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Taya inayokaza ni jambo lingine: hiyo ni pepopunda, ambayo sumu yake hufuata neva na huweza kuja bila kidonda kuvimba sana. Kinga yake ni chanjo.

Mambo yakienda sawa, kuvimba hujizima. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hufifia tu, kama makaa yaliyokosa kuni. Sivyo. Katika miaka ya 1980 Charles Serhan na wenzake walianza kuzitambua kemikali ambazo mwili huzitengeneza makusudi ili kusimamisha kazi, nyingine zikitokana na mafuta ya aina yale yaliyomo katika samaki. Nyutrofili mpya huacha kuja, zilizopo hujiua kwa utaratibu bila kumwaga sumu, na makrofaji huja kuzimeza. Baada ya mlo huo, makrofaji zenyewe hubadilika: zilizokuwa zikiita wasaidizi sasa huita wajenzi. Seli za ujenzi husokota kolajeni, mishipa mipya huchipua, na gaga hubanduka. Kovu likikomaa baada ya miezi hufikia takriban asilimia 80 ya uimara wa ngozi ya awali, na halizidi hapo. Kwenye ngozi nyeusi, alama ya weusi huweza kubaki kwa miezi kadhaa, kwa kuwa seli za rangi nazo zilichokozwa. Na watu wenye asili ya Afrika hupata keloidi, kovu lisilojua kusimama, mara nyingi kuliko wengine.

Dawa za kupunguza kuvimba hukata njia hii mahali tofauti. Aspirini ilitengenezwa kwa hali safi mwaka 1897 katika kampuni ya Bayer, lakini namna inavyofanya kazi haikujulikana hadi 1971, John Vane alipoonyesha kwamba huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Ibuprofeni na diklofenaki hufuata njia hiyo hiyo. Huondoa maumivu kweli, ila prostaglandini pia hulinda ukuta wa tumbo na mtiririko wa damu kwenye figo. Dereva anayemeza diklofenaki kila siku kwa wiki nzima ya foleni, akiwa hajala wala kunywa maji ya kutosha juani, anajitafutia vidonda vya tumbo na figo kuumia. Prednisoloni na deksamethasoni zina nguvu zaidi, kwa sababu huzima maagizo ndani ya seli zenyewe. Mwaka 2020, katika majaribio yaliyofanyika Uingereza, deksamethasoni ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kati ya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, kwani mapafu yao yalikuwa yakiharibiwa na kuvimba kulikopita kiasi. Dawa hiyo hiyo ikimezwa ovyo kwa ajili ya kidonda chenye usaha, uvimbe hupungua, mtu hujiona amepona, na bakteria huzaana bila kizuizi. Kukanda kwa maji ya moto nako kuna wakati wake: siku ya kwanza ya mteguko huzidisha damu na uvimbe, na mfuko wa maji baridi hufaa zaidi.

Kuna jeraha ambalo kuvimba hakuwezi kulimaliza, nalo Katanga inalijua. Sehemu ya shaba ya ukanda huu imo katika mawe magumu yenye silika nyingi. Wanajiolojia wameipa tabaka mojawapo jina la Kifaransa lenye maana ya miamba ya silika yenye vitundu. Mwamba ukitobolewa au kusagwa ukiwa mkavu, hutoa vumbi. Punje kubwa, kama zile zinazorushwa na matairi ya malori, nyingi hunaswa puani na kooni zikatemwa. Punje zisizoonekana kwa macho, zenye upana wa sehemu chache kati ya elfu za milimita moja, hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali pasipo na kohozi la kuzitoa. Makrofaji ya pafu huimeza punje kama ambavyo ingemmeza bakteria, ikaifungia katika kifuko. Lakini fuwele ya silika haiyeyuki. Hukitoboa kifuko, kemikali zake zikavujia ndani ya seli, na seli hutuma wito wa kuvimba kabla haijafa.

Wito huo huleta nyutrofili, huleta wajenzi, na kolajeni husokotwa kuzunguka punje kama ilivyosokotwa kiganjani. Kwenye ngozi hilo lingekuwa kovu. Ndani ya pafu ni vinundu vigumu visivyopitisha hewa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Huweza kuendelea hata baada ya mchimbaji kuacha kazi, na huongeza mara kadhaa hatari ya kifua kikuu, kwa sababu makrofaji zilizojeruhiwa na silika ndizo zile zile zinazotakiwa kukizuia. Kobalti nayo, ikivutwa, huweza kuleta pumu ya kazini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viyeyusho vya Katanga, wakiwemo watoto wasiokuwa wafanyakazi wa migodini.

Silikosisi haina dawa ya kuirudisha nyuma. Kinachowezekana kipo kabla ya kuvuta hewa: kumwagia mwamba maji wakati wa kutoboa, kufunga mashine za kusagia, na kuvaa barakoa inayoziba kweli. Kitambaa kilichofungwa mdomoni huzuia vumbi linaloonekana na kupitisha mengi ya lile linaloua. Punje ikishafika chini haioshwi wala haikohoki. Makrofaji iliyoimeza ikifa, punje huachwa nzima kama ilivyoingia, na makrofaji nyingine huja kuimeza.